Folda ya ofisi imegoma baada ya kubadilisha kompyuta: anzia hapa

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, simu inaita kutoka ofisi ya safari huku Njiro. Ijumaa jioni walikuwa wamefungiwa kompyuta mpya tano. Folda yao ya pamoja, inayoonekana kwenye kila kompyuta kama diski Z, inakaa kwenye kompyuta ya mhasibu.

"Kaka, ile Z imepotea! Vocha za wageni wa leo zimo humo humo, na dereva yuko nje ameshawasha gari."

"Pole dada. Imepotea kabisa, au ipo ila ina eksi nyekundu?"

Kimya. Nasikia mausi ikibofya. "Ipo. Ina eksi."

"Basi haijapotea. Hebu nenda kwa mhasibu uangalie kompyuta yake inasemaje."

Ilikuwa imelala. Mhasibu alipitia benki kwanza, na kompyuta yake mpya, tofauti na ile ya zamani, ilikuwa imepangwa ijilaze yenyewe ikikaa bila kuguswa. Mtu akagusa kibodi, Z ikarudi, vocha zikachapwa, gari likaondoka. Malipo yangu siku hiyo yalikuwa asante.

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, simu za namna hii zimekuwa chakula changu cha kila siku, Arusha na Moshi. Nimeziandika hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayotokea sana ndiyo inayotangulia. Usiruke kwenda chini kwa sababu ya chini inaonekana ya kitaalamu zaidi.

Kabla hujagusa kitu

Ijue kompyuta mama, yaani ile ambayo folda imo ndani yake hasa. Ofisi nyingi ndogo hazina seva, yaani kompyuta maalumu ya kuhudumia nyingine zote. Folda inakaa kwenye kompyuta ya mhasibu au ya mapokezi, na wengine wote wanaifuata kwa mtandao. Nimewahi kufika ofisi ambayo hakuna aliyejua kompyuta mama ni ipi, hadi tulipogundua iliuzwa Jumamosi kama chakavu. Tuliikuta, diski haijafutwa. Bahati.

Kisha uliza: wamegomewa wote au mmoja? Wakiwa wote, shida iko kwenye kompyuta mama, swichi (kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao) au umeme. Akiwa mmoja, iko kwake. Swali hili linaokoa saa nzima ya kuhangaika.

Na ujue kilichobadilika. Kwa miaka mingi mafundi tuligawa folda kwa mtindo wa "wote waingie": ruhusa ya Everyone, nywila imezimwa, kazi imeisha. Ilikuwa nyumba isiyo na mlango. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, haiingii nyumba ya hivyo. Inataka ibishe hodi, itaje jina, na mazungumzo yote yawe na saini, yaani alama ya kielektroniki inayothibitisha kuwa hayajachezewa njiani. Hii ni kwa aina za Windows ziitwazo Pro, Enterprise na Education. Home imeachwa kama zamani. Ndiyo maana utakuta laptop ya bosi yenye Home inaingia kiulaini na za wafanyakazi zenye Pro zinakataliwa, na maneno yanaanza ofisini.

Dalili ya kwanza: eksi nyekundu, au "njia haionekani" (0x80070035, au kosa namba 53)

Kompyuta mama imezimwa au imelala. Ndiyo ya kwanza, kila mara. Ingia Settings, System, Power, na sehemu ya kulala ikiwa kwenye umeme iweke "Never". Skrini acha izime, hiyo haina neno.

Uko kwenye mtandao mwingine. Laptop mpya ilipowashwa mara ya kwanza iliomba Wi-Fi, na mtu akachagua ile ya wageni. Au ofisi ina rauta mbili, moja ya kampuni ya simu na nyingine iliyoongezwa baadaye ili ifike chumba cha nyuma, na kila moja inagawa anwani zake. Kwenye kompyuta zote mbili fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika `ipconfig`, soma mstari wa IPv4. Katika ofisi ndogo makundi matatu ya mwanzo yanatakiwa yafanane: 192.168.1 kwa 192.168.1. Ukiona moja inaanza na 169.254, hiyo haijapewa anwani kabisa. Angalia kebo, kisha swichi. Umeme ukikatika na kurudi, usishangae kukuta swichi iliyo chini ya meza haiwaki kwa sababu soketi yake sasa ina birika la chai.

Jina limebadilika. Windows ikisimikwa upya hujipa jina la DESKTOP na herufi za ajabu, wakati njia za mkato za ofisi nzima bado zinaitafuta MHASIBU-PC. Kwenye kompyuta mama andika `hostname` uone inaitwaje leo. Rahisi ni kuirudishia jina la zamani kuliko kuzunguka meza sita, lakini hakikisha ile kompyuta ya zamani haijawashwa mahali pengine kwenye mtandao huo huo na jina lile lile. Jina lisizidi herufi 15.

Mtandao umeandikwa "Public". Kompyuta mpya ikikutana na mtandao isioujua huuhesabu kama wa stendi, na kwa wa stendi haigawi kitu. Settings, Network & internet, bofya mtandao wako, chagua "Private network". Fanya hivyo ofisini tu. Laptop anayotembea nayo mtu hotelini iachwe "Public" kila inapokuwa huko.

Ukuta wa antivirus. Ni nadra kidogo, ila kompyuta za used huja na antivirus za majaribio ambazo hakuna aliyeziomba. Kwenye kompyuta inayogomewa fungua PowerShell, dirisha jingine la amri, andika:

`Test-NetConnection MHASIBU-PC -Port 445`

Mstari wa mwisho, TcpTestSucceeded, ukisema True, njia iko wazi na shida ni ya ruhusa. Nenda dalili ya pili. Ukisema False, kuna kinachozuia. Usitegemee ping (amri ya kuuliza kompyuta nyingine kama ipo) peke yake, maana kompyuta nyingi zimefundishwa kutojibu ping huku folda zake zinafunguka vizuri tu.

Kitu kingine kinachowapotosha watu: wanafungua "Network", wanakuta patupu, wanasema mtandao umekufa. Ile orodha hutegemea huduma nyingine kabisa na mara nyingi huwa tupu hata pale ambapo kila kitu ni kizima. Andika njia yenyewe kwenye mstari wa juu wa dirisha: `\\MHASIBU-PC`. Ikifunguka, umeshafika.

Simama hapa: mtu akikushauri ufungue mlango 445 (ule ambao folda za mtandao hupitia) kwenye rauta kuelekea intaneti ili tawi la Moshi liingie, kataa. Matawi yaunganishwe kwa VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, na hiyo ni kazi ya mtaalamu.

Dalili ya pili: inaomba jina na nywila, unaandika, inakataa

Hapa ndipo muda mwingi unapopotea, kwa sababu mtu anaapa kuwa nywila ni sahihi, na kweli anaamini hivyo.

Anaandika PIN. Kila asubuhi anaingia kwa tarakimu nne, kwa hiyo kwake hizo ndizo nywila. PIN haitoki nje ya kompyuta yake. Folda ya mtandao haiijui. Inayotakiwa ni nywila ya akaunti, na tena akaunti iliyoko kwenye kompyuta mama, siyo yake mwenyewe. Hili la pili lirudie kwa sauti, kwa sababu hata mafundi tunalisahau.

Jina halijakamilika. Kama akaunti ya kompyuta mama ni ya Microsoft, jina ni barua pepe nzima. Kama ni ya kawaida, tanguliza jina la kompyuta mama: `MHASIBU-PC\ofisi`. Ukiandika "ofisi" peke yake, laptop inaweza kudhani unamsema ofisi wa kwake.

Akaunti haina nywila kabisa. Windows hairuhusu akaunti tupu kuingia kwa mtandao. Mhasibu anayewasha kompyuta na kuingia moja kwa moja bila kuulizwa kitu, kwake ni raha. Kwa wenzake ni ukuta.

Nywila ya zamani imeng'ang'ania. Fungua Credential Manager, Windows Credentials, tafuta jina la kompyuta mama, futa, anza upya. Ukipata kosa namba 1219, tayari una muunganisho mwingine kwenye kompyuta hiyo hiyo kwa jina tofauti. Funga kila kitu, kisha `net use * /delete`, ila ujue hiyo inakata folda zote za mtandao ulizonazo, kwa hiyo hifadhi kazi kwanza.

Dawa ya kudumu kwa ofisi ndogo ni akaunti moja ya kazi hii tu. Kwenye kompyuta mama fungua PowerShell kwa haki za msimamizi:

`net user ofisi * /add`

Ile nyota itakuomba nywila. Ukiandika hazionekani, usiogope. Kisha:

`Set-LocalUser -Name ofisi -PasswordNeverExpires $true`

Usiuruke mstari huo wa pili. Kwa mipangilio ya kawaida nywila kama hiyo huisha baada ya siku 42. Niliuruka mara moja, kwa mteja wa Moshi mjini, na wiki sita baadaye nilipanda Coaster asubuhi na mapema kwenda kurekebisha kosa langu mwenyewe, kwa nauli yangu mwenyewe.

Halafu bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Sharing, Advanced Sharing, Permissions: mtoe Everyone, muweke ofisi, mpe "Change". Bado hujamaliza. Kwenye ukurasa wa Security muongeze ofisi tena na "Modify". Ni milango miwili, na Windows inafuata ule uliobana zaidi. Mwisho, kwenye kila kompyuta nyingine:

`net use Z: \\MHASIBU-PC\Kazi /savecred /persistent:yes`

Ikiomba jina, andika `MHASIBU-PC\ofisi`, kisha nywila yake. Amri hii iandike kwenye dirisha la kawaida, siyo la msimamizi. Ukiiandika kwa msimamizi, Z itaundwa upande wa msimamizi na mtumiaji hataiona, na mtabishana.

Sababu ya mwisho ni nadra, ila ikikupata utadhani umerogwa: nywila sahihi, jina sahihi, njia wazi, bado anakataliwa. Uliza kama kompyuta zilinakiliwa. Fundi anasimika moja vizuri, anakopi diski yake kwa nyingine tano, jioni amemaliza. Zote sita zinabaki na kitambulisho kimoja cha ndani, SID. Zamani haikusumbua. Masasisho ya Windows 11 24H2 na 25H2 kuanzia mwisho wa Agosti 2025 yameanza kukikagua, na kompyuta zenye kitambulisho kimoja zinakataana. Andika `whoami /user` kwenye mbili kati ya hizo. Utaona S-1-5-21 na makundi manne ya namba. Kundi la mwisho ni la mtumiaji, achana nalo. Matatu ya kabla yake yakifanana kwenye kompyuta mbili tofauti, ni mapacha. Simama hapo, mwite aliyezifunga. Dawa ni kuzisimika upya au kupitisha Sysprep, chombo cha Windows kinachoipa kompyuta kitambulisho kipya, na hilo halifanywi huku watu wanaendelea na kazi.

Dalili ya tatu: sera ya usalama inazuia mgeni asiyejulikana, au saini si halali

Maneno ya kwenye skrini yanataja sera za usalama za taasisi na kuzuia "unauthenticated guest access", au yanasema saini ya siri si halali. Bosi akiyasoma anauliza, "Sera zipi? Nani kaziweka?" Hakuna mtu. Ni ule mlango nilioueleza mwanzo.

Mara nyingi mkosaji ni folda iliyogawiwa bila nywila. Fuata dawa ya dalili ya pili, imekwisha.

Ikiwa folda iko kwenye kisanduku cha diski cha mtandao au diski iliyochomekwa kwenye rauta, ingia kwenye mipangilio yake kwa kivinjari: tengeneza mtumiaji na nywila, washa SMB2 au SMB3 (SMB ni lugha ambayo kompyuta hutumia kugawiana folda, na namba ni toleo lake), washa saini, sasisha programu yake. Vingi vinakubali. Kile cha zamani kisichokubali ndicho kinacholeta kishawishi cha amri hizi mbili:

`Set-SmbClientConfiguration -EnableInsecureGuestLogons $true`
`Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false`

Zinafanya kazi, na zote mbili zinahitajika kwa sababu mgeni asiye na jina hawezi kutia saini. Mimi huzitumia kwa jambo moja: kutoa faili. Nazifungulia kompyuta moja, nahamisha kila kitu kwenda mahali pazuri, nabadilisha lile $true liwe $false na $false liwe $true, naondoka. Fundi anayeziacha wazi kwenye kompyuta zote amekurudisha kwenye nyumba isiyo na mlango, na amekutoza hela.

Dalili ya nne: kompyuta mama ni ya zamani sana

Windows 7 inaongea SMB2, kwa hiyo kuifikia kunawezekana. Windows XP na Server 2003 zinajua SMB1 tu, na Windows haijaja na SMB1 tangu toleo la 1709 la mwaka 2017. Hiyo ndiyo njia iliyopitiwa na WannaCry Mei mwaka huo huo, kirusi kilichofunga kompyuta za hospitali Uingereza na za watu duniani kote. Usiirudishe. Chomeka diski ya nje kwenye mashine hiyo, nakili, hamisha.

Dalili ya tano: folda inafunguka, lakini haihifadhi

Angalia kwanza kama mwenzako amelifungua faili hilo hilo. Excel itakutajia jina lake, mfuate mezani.

Kisha ruhusa za milango miwili. Kama diski ilitolewa kwenye kompyuta ya zamani na kuchomekwa mpya, ukurasa wa Security utaonyesha S-1-5-21 na namba ndefu pasipo jina. Huyo ni mtumiaji wa ile mashine ya zamani, hayupo tena. Badilisha umiliki wa folda ya kazi na umpe ofisi ruhusa. Folda ya kazi tu. Nimeona mtu akimpa Everyone umiliki wa diski C nzima kwa hasira. Windows haikuwaka tena vizuri.

Sababu inayofichika: OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya kwenye intaneti. Kompyuta mpya ikifunguliwa kwa akaunti ya Microsoft inaweza kuhamishia Documents na Desktop ndani ya OneDrive. Watu wanaendelea kuhifadhi kwenye folda ya zamani, mhasibu anahifadhi kwenye mpya, na baada ya wiki kuna vitabu viwili vya bei. Usigawe Documents. Tengeneza `C:\Kazi`.

Dalili ya sita: mashine ya fotokopi haitumi skani kwenye folda

Jina au anwani ya kompyuta mama imebadilika, na fotokopi bado inatuma kule kule. Au nywila iliyohifadhiwa ndani yake ni ya zamani. Ikiwa inajua SMB1 tu, skani kwenye flashi au kwa barua pepe hadi mtakapoibadilisha.

Dalili ya saba: inakatika katika

Eksi inayotokea mtu akikaa dakika 15 bila kuigusa Z, na kutoka akiibofya, si ugonjwa. Muunganisho usiotumika hukatwa na kurudi wenyewe. Kosa la kusema hakuna nafasi ya muunganisho zaidi ni jingine: Windows ya kawaida inapokea miunganisho 20 kwa wakati mmoja, na mkizidi hapo mnahitaji seva. Ikikatika mtu anaposogeza kiti, badilisha kebo.

Acha, mwite mtaalamu

Faili zikiwa na viishio vipya usivyovijua na kuna karatasi ya maandishi inayodai pesa: chomoa kebo ya mtandao ya kompyuta hiyo sasa hivi, zima Wi-Fi, usifute kitu.

Diski ikigonga ndani kama saa ya ukutani, zima. Kila dakika inayowaka inakupunguzia faili.

Diski ya zamani ikiomba ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski) wa tarakimu 48, usibahatishe. Utafutwe kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuifungua kompyuta ile, na kama ilikuwa ya mfanyakazi aliyeondoka, mpigieni kabla hamjafomati chochote.

Kompyuta zenu zikiwa chini ya domeni, yaani zinasimamiwa zote na seva moja, au folda ikiwa na data ya programu ya uhasibu ambayo watu wako ndani yake, usihamishe wala kubadilisha jina la kitu.

Na ukimpigia fundi, muwe na vitu vitatu mkononi: picha ya kosa kwenye skrini, jina la kompyuta mama, na toleo la Windows, ambalo utalipata kwa kuandika `winver`. Ukimwambia "mtandao umekufa" basi, atakuja amebeba rauta.